Bahari ya Ubaoni

Mwalimu wetu wa hesabu aliweza kuchora bahari bila kuutazama ubao. Alisimama ametugeukia, mkono umenyooka pembeni, chaki inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mpaka ubao ukaisha. Ndipo alipogeuka na kuikagua kazi yake kama mpishi anayekagua chapati upande wa pili. Nje Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu la Juni, nasi tumejikunyata ndani ya masweta ya mitumba, watoto ambao maji mengi tuliyowahi kuyaona ni ya mto uliofurika masika. "Haya, watu wa mlimani," alisema. "Hiyo ni bahari ya Tanga kutwa kucha. Niambieni saa ngapi mtu anavuka kwa miguu."

Nilisoma kwake miaka minne na sikumbuki wiki hata moja niliyokaa kwa raha. Kiti nilichokalia kilikuwa cha dada yangu.

Penina alinitangulia katika shule ile ya kutwa upande wa Sekei, Arusha, na hesabu alizijua kuliko wavulana wote wa darasa lake. Alipofika mwisho wa kidato cha tatu Baba alimwachisha. Sababu ilijulikana na kila mtu kanisani kwetu: Mwalimu aliwapeleka wanafunzi baharini, akakosea hesabu ya maji, na watoto wakaponea chupuchupu. Baba alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema shule inayotaka kuzamisha mabinti wa watu haitamwona tena wa kwake. Januari akanipeleka mimi, shule ile ile, kwa mwalimu yule yule. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona kwamba jambo hilo haliingii akilini, na nilikuwa na hamu ya kusoma kiasi cha kutouliza.

Basi huyo ndiye mtu ninayetaka kumweleza, na nitamweleza kama nilivyomjua, bila mpango, kwa sababu kila nikijaribu kumpanga namkuta Penina amesimama katikati.

Zilikuwa siku za ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Sabuni ilirudi madukani, redio za kaseti zikajaa vibandani, na walimu nao walijitafutia. Wapo waliofundisha nusu ya somo asubuhi na nusu nyingine jioni kwenye tuisheni, kwa wale waliokuja na chochote mkononi. Yeye hakufundisha tuisheni hata siku moja. Alifuga kuku wa kisasa uani kwake Levolosi na kuuza mayai katika chumba cha walimu, na kwenye mayai hakuwa na simile. Mwalimu mkuu mwenyewe aliwahi kurudisha yai viza, akaombwa alete na ganda lake ndipo wazungumze. Lakini mwanafunzi aliyekwama na swali aliweza kumfuata mpaka uani, akaelezwa huku Mwalimu akimwaga pumba na kuku wakimpitia miguuni, akaondoka ameelewa na harufu ya banda kwenye sare. Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya juu, alisimama mlangoni akilalamika.

"Watoto wa watu wanakula muda wa kuku wangu!"

"Kuku wanataga hata bila kuelewa," alimjibu. "Hawa hawatagi mpaka waelewe."

Alijigamba kuwa mtu wa pwani. Ndizi zetu za kupikwa aliziita chakula cha mtoto anayeota meno, na mtori wetu, ile supu nzito ya ndizi, aliuita dawa. Niligundua baadaye kwamba mtori aliunywa mabakuli mawili mahali popote alipokaribishwa, na la tatu akibembelezwa. Na huo upwani wenyewe ulikuwa wa kusimuliwa zaidi kuliko wa kuishi. Wazee wake walihamia bara naye akiwa mdogo, na bahari aliyotuchorea kila mwaka aliijua kwa likizo chache na kwa maneno ya shangazi zake. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, baridi aliyoizoea ilikuwa ya Arusha, na sijui kama aliwahi kuamua yeye ni wa wapi.

Somo lake la maji kujaa na kupwa halikuwa katika muhtasari wa wizara. Alilipenda tu. Alianza na mstari ulionyooka katikati ya ubao, akasema huu ndio wastani wa bahari, kimo ambacho maji yangekaa kama yasingesumbuliwa na mtu. Mwezi unayasumbua. Yanapanda juu ya wastani, yanashuka chini yake kwa kiasi kile kile, na kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni saa kumi na mbili na ziada kidogo. Ziada ile, alisema, ndiyo inayofanya bahari isipatane na saa ya mkononi, kila siku inachelewa kidogo kuliko jana. Kisha akaleta kosaini, akaiweka juu ya mchoro, na tukaona kwamba ile michoro ya pembe tuliyoichukia wiki nzima ilikuwa inajua maji yako wapi saa yoyote unayoiuliza. Nakumbuka mvulana mmoja wa kutoka Engutoto akisema kwa sauti, "Kumbe!" na darasa zima likacheka, Mwalimu akamwambia arudie, hilo ndilo jibu alilolitaka.

Jambo alilolisisitiza kuliko yote lilikuwa hili. Maji yakijaa kabisa yanatulia, yakipwa kabisa yanatulia, na yanapokimbia kwa kasi ni pale katikati. Na pale katikati kimo ni kimoja wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. "Ukiniambia maji yamefika magotini hujaniambia kitu," alisema. "Niambie yanakwenda au yanarudi." Akaifanya hiyo kuwa kipimo cha dunia nzima. Ukipata hamsini kwenye jaribio alikuuliza, "Hamsini ya kupanda au ya kushuka?" Ukimwambia mama hajambo kidogo, aliuliza hivyo hivyo. Tulimwigiza nyuma ya vyoo, mikono imenyooka pembeni, tukiulizana hata kuhusu maharage ya mchana.

Halafu, bila kuulizwa, alitusimulia kosa lake. Kila darasa alilisimulia. Jedwali la maji la bandarini, alisema, linahesabu saa kuanzia usiku wa manane, na sisi tunahesabu tangu kulipokucha, kwa hiyo ukilisoma unatoa sita. Yeye alitoa sita kwenye saa ambazo zilikuwa zimeshatolewa sita. "Na saa sita kwa bahari ni nini?" aliuliza. Tulijibu kwa pamoja: ni nusu ya mzunguko, kilichojaa kinakuwa kimekupwa, na kilichokupwa kimejaa. "Mngekosea saa mbili mngeona mapema," alisema. "Mngekosea kumi na mbili mngepona. Mimi nilichagua sita." Alisema hivyo akifuta ubao, mgongo umetugeukia, na kila mara macho ya darasa yalinijia mimi, mdogo wake yule binti aliyeachishwa shule.

Mimi alinifundisha kwa ukali ambao hakumfanyia mtu mwingine. Wenzangu wakipata tisini aliwapigia makofi. Nikipata tisini mimi aliniuliza zile kumi nimezipeleka wapi. Jumamosi aliniita uani kwake nikafanye maswali ya kidato cha mbele, nikiwa nimekaa juu ya gunia la pumba, na nilipopiga miayo aliniambia, "Kaa sawa. Umekalia kiti cha mtu." Nilidhani ni neno lake kwa wote. Nilipowauliza wenzangu, hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo. Nilimchukia kwa mwaka mzima, kisha nikaacha, maana haiwezekani kumchukia kwa muda mrefu mtu anayekukaangia yai huku akikutukana.

Kulikuwa na jambo moja nililolipenda kwa Baba katika miaka ile. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na tangu ule mkutano wa wazazi hakuwahi kumtaja Mwalimu. Lakini kila Krismasi alinibebesha mkungu mzuri wa ndizi niupeleke Levolosi. "Mpe. Usiseme kitu," aliniambia. Mwalimu aliupokea bila kushangaa, na Idi ikifika alinirudisha mlimani na bakuli la pilau lililofungwa kwa kitambaa. Nilijivunia baba yangu. Niliwaambia watu kwamba msamaha wa Kikristo ndio huo, mtu anakaribia kukuzamishia mtoto nawe unampelekea ndizi.

Habari ya siku yenyewe ya bahari nimeipata kwa Penina, na alinisimulia mara moja tu, tukichuma kahawa. Walifika pwani kwa basi la kukodi, wakatelemka wakipiga kelele kama mbuzi waliofunguliwa. Saa saba mchana maji yalikuwa ya katikati. Kwa jedwali la Mwalimu yalikuwa yanakupwa, na upande wa pili wa maji hayo ya magotini kulikuwa na fungu kubwa la mchanga, limekauka, linang'aa. Mwalimu alikunja suruali akatangulia. Walifika, wakaokota kombe, wakapima kimo cha maji kwa fimbo waliyoitia alama. Kipimo cha kwanza kilipanda. Mwalimu akasema fimbo imezama mchangani. Cha pili kikapanda. Penina alisema alimwona Mwalimu akiitazama fimbo, kisha jua, kisha fimbo, na midomo yake ikawa inahesabu. Fungu likawa dogo. Likawa la kusimama tu. Hakuna aliyejua kuogelea, na Mwalimu mtu wa pwani hakujua pia. Aliwashikanisha mikono, akawainua wafupi, na Penina ambaye ndiye mfupi kuliko wote alimweka mabegani. Maji yalikuwa kifuani mwa Mwalimu wavuvi wawili walipowaona na kuja na ngalawa. Hakufa mtu. Walirudi Arusha bila viatu.

"Ulimwogopa?" nilimwuliza.

"Nani, Mwalimu? Aah. Alikuwa anaomba samahani njia nzima. Hata kwa dereva."

Penina hakukaa akilia. Alianza na fungu moja la mitumba pale soko la Kilombero mjini, akaendelea na marobota, sasa ana duka na nyumba na gari la kubebea mizigo. Mimi ni mpimaji ardhi, nakula kwa kosaini, na kiwanja chake nilikipima mimi. Amenizidi kwa kila kitu kinachoonekana. Lakini watoto wake wakija na daftari la hesabu anageuza uso. Haligusi. "Mpelekeeni mjomba," anasema, na mjomba huenda kila Jumamosi jioni, amekwenda miaka mingi, hajawahi kukosa. Sikumwambia mtu kwa nini sikosi. Nilijua nalipia kiti gani pale mezani, na cha nani.

Baba alikuwa ameshafariki wakati mke wa Mwalimu aliponipigia simu. Mzee anaumwa sukari, alisema, haoni vizuri, na anawataka. Wote wawili. Nilidhani Penina atakataa. Alifunga duka mchana, akanipitia na gari, tukaenda Levolosi bila kuongea sana.

Uani hakukuwa na kuku tena. Vilikuwa vyumba vya wapangaji. Mwalimu alikaa kwenye kochi, koti lake la kijivu begani, amekuwa mdogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja naye?"

"Shikamoo, Mwalimu," Penina alisema.

"Marahaba, binti yangu. Sogea. Sauti yako haijabadilika."

Aliuliza habari za watoto, za duka, akamwita mkewe atuletee chai, na mkewe alipotoka tu akaanza, kana kwamba alikuwa akimsubiri aondoke.

"Baba yenu alikuja kwangu kabla ya ile safari ya bahari."

Penina aliniangalia.

"Kahawa ilikuwa imeanguka bei," Mwalimu alisema. "Alisema ataweza kusomesha mmoja, na ameshaamua ni huyu." Alininyooshea kidevu, ingawa sidhani aliniona vizuri. "Aliona haya kukwambia, Penina. Akaniomba mimi nikwambie hesabu zimekushinda. Likitoka kwa mwalimu, alisema, mtoto atalikubali. Nilikataa. Nilimwambia huyo ndiye anayejua kuliko wote, uongo huo sitautamka. Akaondoka amekasirika. Basi tukaenda baharini, nikafanya nilichofanya, na yeye akapata sababu nyingine. Siku ya mkutano, alipokuwa ananifokea, aliacha kidogo akanitazama. Nilijua ananiuliza kama nitasema. Nikainamisha kichwa."

"Kwa nini?" Penina aliuliza.

"Nilijiambia heri unichukie mimi kuliko baba yako."

"Mwalimu. Sema kweli," Penina alisema.

Mwalimu alilivuta koti lake begani. Nje mpangaji mmoja alikuwa anafua, tunasikia maji kwenye beseni.

"Niliogopa," alisema. "Nilikuwa nimewatia watoto wa watu majini. Kazi yangu ilikuwa mikononi mwa wale wazazi. Baba yako alikuwa mzee wa kanisa, neno lake lilisikilizwa. Alipokutoa wewe alisema yeye ameridhika, yamekwisha. Na wenzake wakaridhika. Mimi nikabaki na chaki yangu. Huo ndio ukweli. Alinilinda mimi na mimi nikamlinda yeye, na aliyelipa ni wewe."

Niliona mikungu yote ile ya ndizi, mmoja baada ya mwingine, begani kwangu mimi, nikishuka nayo kutoka mlimani huku najivuna.

Penina alikuwa anatazama mikono yake. "Lile jedwali nililinakili mimi," alisema polepole. "Ulinipa ninakili kwenye karatasi ya manila. Nikaona nikurahisishie, nikatoa sita mwenyewe, sikukwambia. Miaka yote hii nilijua nimeachishwa shule kwa sababu ya zile saa. Nilijua nimekaribia kuua wenzangu. Ndiyo maana sikumlilia Baba hata kidogo. Nilijua ninastahili."

Mwalimu alifumba macho yale yasiyoona vizuri. "Ulitoa sawasawa," alisema. "Nilikuja kuzipitia. Zote zilikuwa sahihi. Kosa ni la aliyetoa mara ya pili bila kuuliza. Sikujua ulijibebesha. Ningejua..." Hakumaliza. "Nisamehe, binti yangu."

Nilitamani aseme ndiyo. Nilitaka aseme haraka, kwa ajili ya mzee na kwa ajili yangu, ili tunywe chai.

"Ya bahari nilikusamehe palepale," Penina alisema. "Nilikuwa mabegani kwako, nilisikia unavyotetemeka. Haya mengine nimeyasikia leo. Siwezi kuyasamehe leo kwa sababu tu unaumwa."

"Haya," Mwalimu alisema. "Ni haki yako."

Chai ilikuja. Penina aliinywa yote, akamshukuru mama kwa adabu, akaagana. Kwa Mwalimu aliinama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia atapita tena, na kwamba hamwahidi kitu kingine. Mwalimu aliitikia kwa kichwa mara nyingi.

Tulipofika kwenye gari hakufungua mlango.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua, Dada. Kweli tupu."

"Ungejua, ungekataa kwenda shule?"

Nilitafuta jibu zuri. Nilimkumbuka yule mvulana wa kumi na nne aliyepiga pasi sare mpya usiku ule wa Januari, akimsikia dada yake chumba cha pili akigeuka-geuka kitandani, akaendelea kupiga pasi.

"Hapana," nilisema. "Nisingekataa."

Penina akaingia garini na kushusha kioo.

"Jumamosi hii usije," alisema. "Wala zijazo. Watoto nitakaa nao mwenyewe."

Nilimwambia si lazima, kwamba sichoki, kwamba mimi napenda. Sauti yangu ilianza kubembeleza na nikaisikia. Zile Jumamosi ndizo pekee nilizokuwa nazo za kulipia kiti chake.

"Najua unapenda," alisema, akawasha gari. Nilikuja naye, lakini aliondoka peke yake, nami nikarudi nyumbani kwa miguu.